Foleni ya Barua

Kila alasiri Nukta aliporudi kutoka shuleni, alivua sare akaitundika mbali na vumbi, akamwagia maji uwanja wa karakana, kisha akapanga tindo za mama yake kwa ukubwa. Alianza na ile nene kama kidole gumba, akamalizia na ile nyembamba iliyofaa kuchonga alama ya nukta tu. Hiyo nyembamba ilikuwa yake. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akichonga nukta za mwisho wa sentensi, na mtaa mzima ukamwita hivyo. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na akiitwa kwa jina la kwenye daftari la mahudhurio alichelewa kuitikia.

Mama yake alikuwa fundi wa kuchonga maandishi kwenye mawe, hasa mawe ya makaburi. "Wateja wangu hawana usumbufu," alizoea kusema. "Wanaosumbua ni warithi." Ufundi aliurithi kwa baba yake, ambaye sasa mikono ilimtetemeka na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti karibu na ukuta na kukosoa. Nyuma ya kiti hicho, chini ya gunia, liliegemezwa jiwe la kijivu lililosuguliwa hadi likang'aa. Hilo lilikuwa jiwe la kaburi lake mwenyewe. Mafundi wa zamani walijichagulia mawe mapema, kwa kuwa hawakuwaamini watoto wao kuchagua vizuri. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata kulipangusa.

Babu alikuwa shujaa. Alikuwa na nishani ndani ya kisanduku, na kila mwaka alialikwa shuleni kueleza jinsi vijana wa zamani walivyompiga mtawala wa kigeni pigo la kwanza kwa kulipua Posta. Alieleza kwa maneno machache, akaketi. Nukta ndiye aliyeongeza chumvi baadaye, wakati wa mapumziko, mpaka bomu likawa na mlio wa kusikika nchi jirani.

Jambo moja tu halikueleweka. Babu hakupita kamwe barabara ya Posta. Alisema ina makorongo na magoti yake hayana akiba. Lakini makorongo yale yalifukiwa na lami ikawekwa kabla hata Nukta hajazaliwa. Vifungo vya sare vikikatika, alitumwa Nukta peke yake kwa Bibi Vifungo, mwanamke mzee aliyeuza vifungo kwenye sinia pembeni ya ukuta wa Posta, siku nenda siku rudi.

Jumatatu moja mwalimu alitangaza kwamba jiwe la kumbukumbu la Posta litafanywa upya, na siku ya kuzinduliwa Nukta atasoma insha, maana ni mjukuu wa shujaa. Darasa likapiga makofi. Jirani yake wa dawati hakupiga. Mwaka uliopita watu walikuwa wamelipua bomu kwenye stendi ya mabasi, na kaka yake mkubwa hakurudi nyumbani.

"Bomu la babu yako liliua nani?" aliuliza jirani yule, kwa sauti ya chini.

"Adui."

"Adui alikuwa peke yake?"

"Babu yangu si gaidi," alisema Nukta.

"Sijasema hivyo. Nimeuliza tu."

Nukta alichukua mkoba wake akauweka juu ya dawati, katikati yao wawili, ukawa ukuta.

Jiwe lililetwa Ijumaa kwa pikapu, na wanaume wanne waliliteremsha juu ya magogo mawili. Nyuma yao alikuja karani wa halmashauri, amejipaka marashi mengi kiasi kwamba harufu ilifika kabla yake. Babu siku hiyo alikuwa zahanati kupimwa macho.

Nukta aliyasoma maandishi ya mbele, ingawa aliyajua kwa moyo: HAPA MASHUJAA WETU WALIMPIGA ADUI PIGO LA KWANZA.

Karani alitoa karatasi mfukoni. Maneno mapya yalikuwa haya: HAPA PALITOKEA TUKIO LA KIHISTORIA.

"Tukio gani?" aliuliza Mama.

"Tukio tu, Mama Fundi. Baada ya mambo ya stendi, kuandika 'mashujaa' pembeni ya bomu kunazua maneno. Tukiandika 'magaidi', wazee wetu wenye nishani watanuna. 'Tukio' halimuudhi mtu."

"Hata mvua ni tukio," alisema Mama.

Karani alicheka peke yake. "Ligeuzeni tu, mchonge upande wa pili, ule mtupu uliokuwa umeegemea ukuta. Kesho nitapita nione mmefikia wapi."

Wanaume wanne wakaligeuza jiwe, wakaondoka. Mama akaenda dukani kutafuta msasa, akamwachia Nukta kazi ya kuosha upande ule mtupu.

Haukuwa mtupu. Kwanza ulikuwa na uchafu tu: ukoga wa kijani, tope lililooza, na konokono waliokufa wakabaki magamba. Harufu yake ilikuwa kama ya ndoo iliyosahauliwa na tambara ndani. Nukta alizuia pumzi akasugua. Brashi ikaanza kuruka, kama inapita juu ya mistari, na chini ya povu zikatokea herufi. Alisugua hadi zikasomeka zote: HAPA, KWA MKONO WA MAGAIDI, ALIUAWA BWANA MKUU WA POSTA PAMOJA NA WATU WENGINE KUMI.

Alisoma mara tatu. Mara ya kwanza lilimchoma neno lile moja, neno la watu wa stendi, limebandikwa kwa babu yake. Mara ya tatu ndipo alipofika mwisho wa sentensi. Watu wengine kumi. Hajawahi kuwasikia. Upande wa mbele hawakuwepo, na kwenye karatasi ya karani hata kufa kwenyewe hakukuwepo. Kila jiwe lilipoandikwa upya, wafu wale walizidi kupunguzwa, na wapunguzaji walijiita watu waangalifu. Nukta aliyatazama mapovu machafu kwenye viganja vyake, akaenda kunawa. Akanawa tena. Bado alijiona mchafu.

Ilimpasa amwite mama yake. Alijua hivyo wakati ule ule. Lakini alimwona Babu kichwani, anarudi kutoka zahanati kwa mkongojo, anakutana na neno lile. Akaona na darasa, na jirani yake wa dawati.

Fundi akikosea na jiwe likachubuka, huchanganya unga wa jiwe hilo hilo na gundi maalumu, akaziba, akasugua. Gundi maalumu ilikuwa imefungiwa kabatini. Nukta akachukua gundi ya mbao. Alianza na neno "magaidi", akaziba herufi moja baada ya nyingine, halafu akaona haitoshi, akaziba na wale watu kumi. Akasugua kwa msasa wa zamani. Mama aliporudi, jua likipungua nguvu, upande ule ulikuwa laini, na hakuna jicho ambalo lingeona kitu.

Babu aliporudi alilitazama jiwe kwa muda mrefu, likiwa limelala kifudifudi. Chakula kilipoandaliwa alisema ameshiba.

Asubuhi ya Jumamosi karani alirudi na marashi yake. Babu alikuwa kwenye kiti chake. Mama alikuwa tayari na rula na penseli, lakini kabla ya kuchora mistari alichukua ndoo, maana jiwe hulowanishwa kwanza ili nyufa zijitokeze. Nukta alifumbua mdomo kusema subiri. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagwa.

Gundi ya mbao na maji hazipatani. Unga uliyanywa maji, ukaiva kuwa mweusi, ukavimba. Herufi zikaanza kuinuka juu ya jiwe moja moja, nyeusi na tepetepe, kama majipu. Neno alilotaka kulificha ndilo lililotangulia kusomeka.

Mama aliweka ndoo chini. "La kuvunda halina ubani," alisema polepole, na hakuna aliyejua kama anamtazama bintiye au karani. "Nani ameziba hapa?"

"Mimi," alisema Nukta. Sauti ilitoka ndogo. "Sikutaka Babu alione neno lile."

Karani alikuwa amesoma, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekanyaga kitu barabarani. "Mambo ya kizamani haya. Sageni na mashine, Mama Fundi, yafutike kabla mtu hajaona."

"Mimi nimeona," alisema Babu. "Na sikuanza leo. Herufi hizo nilizichonga mimi."

Babu alijikongoja hadi kwenye jiwe.

"Nilikuwa na miaka ishirini," alisema. "Bomu nilikuwa nimelibeba mimi. Wiki tatu baadaye serikali ile ilileta kazi ya jiwe kwa fundi wangu. Yeye akachora, mimi nikachonga. Hakuna aliyenishuku. Nilijichonga tusi langu mwenyewe, na nukta ya mwisho nikaiweka. Utawala ulipobadilika, nikaitwa nijitokeze, nikavishwa nishani. Nikaligeuza jiwe, nikachonga upande wa pili. Huko nikajisifu."

"Mzee wetu," alisema karani, "hakuna anayekulaumu. Nyakati zilikuwa ngumu."

"Ndiyo maana nakuogopa wewe kuliko walioniita gaidi," alisema Babu. "Wao angalau walikuwa na hasira. Wewe unataka kuwafuta watu kwa tabasamu."

Karani alikunja karatasi yake, akasema atarudi wakishatulia. Marashi yalibaki nyuma yake yakielea juu ya vumbi.

Nukta alikuwa akilia, na hakujua analilia nini hasa. "Babu, wale kumi walikuwa nani?"

"Watu wa foleni ya barua."

"Ulijua wapo?"

Hapo ndipo Nukta alipotaka babu yake aseme hapana. Neno dogo tu, na kila kitu kingerudi mahali pake.

"Nilijua," alisema Babu. "Tuliambiana kwamba saa sita mchana ofisi huwa tupu. Lakini siku hiyo mizigo ya barua ilikuwa imechelewa, na watu walikuwa bado wanangoja. Nilipita kando ya foleni yote na kifurushi mkononi. Niliziona nyuso zao. Ningeweza kugeuka. Nilikiweka pale nilipoagizwa, nikatoka."

Nukta alirudi nyuma hatua moja. Mkono ule uliotetemeka juu ya mkongojo ndio uliomfundisha kushika tindo. Aliutazama akaona kinyaa, na kumwonea kinyaa mtu anayempenda kulimuumiza kuliko jambo lolote alilowahi kuhisi. Babu aliona. Hakumfuata.

"Kwa hiyo nyinyi na wale wa stendi ni sawa," alisema Nukta.

"Wakati wetu mtu mzima alipigwa kofi barabarani kwa kukosa karatasi mfukoni. Hatukuwa na kura, na aliyesema alifungwa. Sababu ile ilikuwa ya kweli na mpaka leo naiamini. Kile kifurushi ndicho nisichokiamini tena. Wa stendi nao watakwambia wana sababu. Mambo yamebadilika, Nukta. Sisi tulitega tukakimbia, tukaomba tusijulikane. Hawa wa leo wanajipiga picha, wanataka dunia nzima itazame na kuogopa. Majina nayo yanabadilika kila serikali inapobadilika. Lakini aliyesimama akingoja barua na aliyesimama akingoja basi wamekufa kifo kimoja."

Mama alimpa Nukta sindano ya chuma ya kukwangulia. "Utatoa kiraka chako chote, herufi kwa herufi, mpaka yasomeke," alisema. "Najua ulimfichia babu yako kwa upendo. Yeye alificha kwa woga, na karani kwa ajili ya kazi yake. Watu kumi hawajui tofauti. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Siku iliyofuata, baada ya Nukta kukwangua hadi vidole vikamwuma, Babu alivaa shati safi akamwambia alete daftari na penseli. Walipofika njia panda, mzee hakukata kona yake ya kawaida. Alinyoosha barabara ya Posta, magoti na yote.

Bibi Vifungo alikuwa anapanga vifungo kwenye sinia kwa rangi. Nukta alimwamkia, akaitikiwa. Babu alibaki amesimama.

"Mzee, unatafuta kifungo cha shati au cha koti?"

"Natafuta majina," alisema Babu. "Ya watu wa foleni ya barua. Mimi ndiye niliyebeba kifurushi."

Bibi Vifungo hakuinua uso haraka. Alimaliza kuweka kifungo kimoja cheupe kwenye safu yake.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," alisema hatimaye, na alikuwa anamwambia Nukta, si Babu. "Kama wewe. Dada yangu alikuwa wa nne kwenye foleni. Kifungo cha mkono wa blauzi yake kilikatika, naye hakuweza kukaa bure, alikuwa na sindano daima. Akaanza kukishona pale pale amesimama. Uzi ukamwishia. Akanituma dukani ng'ambo ya barabara. Nilipofika mlangoni, kijana mmoja alikuwa anaingia na kifurushi. Akasimama kando, akanishikia mlango nipite. Nikamwambia asante."

Akamtazama Babu sasa.

"Nilirudi na uzi. Dada yangu nilimtambua kwa kifungo ambacho hakijashonwa vizuri. Sikuwa na kingine cha kumtambulia. Na miaka yote hii nilijiuliza yule kijana mwenye adabu alikufa au alipona."

Babu aliinamisha kichwa juu ya mkongojo.

"Nakuomba jambo moja," alisema Bibi Vifungo. "Ile asante yangu nirudishie."

"Nakurudishia," alisema Babu, akapiga magoti kwenye lami, mzee wa miaka sabini na mitano, watu wakipita na mizigo yao.

"Inuka. Unanizibia wateja. Msamaha sina, na kesho sijui kama nitakuwa nao. Mtoto, fungua daftari. Tuanze na wa kwanza, na usiwapange unavyotaka. Wapange walivyosimama."

Basi pale pembeni ya ukuta wa Posta, watu wawili pekee waliobaki duniani wakiikumbuka foleni ile waliijenga upya. Bibi Vifungo alijua majina, maana ndugu wa marehemu walikutana katika chumba kimoja cha hospitali na hawakusahauliana. Babu alijua nyuso na mahali, maana hakuwahi kufanikiwa kuzisahau.

"Wa kwanza alikuwa mzee mwenye mwavuli," alisema Babu.

"Wa pili huyo. Wa kwanza alikuwa dada msafishaji. Hakuwa kwenye foleni, alikuwa anapiga deki dirishani, foleni ikamzunguka. Andika." Akalitaja jina, kisha la mwenye mwavuli. "Wa tatu mshona viatu, alikuwa anangoja barua ya mwanawe. Wa nne dada yangu."

"Baada yake, mwanamke mwenye mtoto mgongoni," alisema Babu.

Penseli ya Nukta ilisimama. "Jiwe linasema kumi," alisema. "Mtoto wa mgongoni yumo?"

"Hayumo," alisema Bibi Vifungo. "Walisema hakuwa kwenye foleni, alibebwa. Andika jina lake, alikuwa nalo."

Nukta aliandika. Aliwaza mtu fulani mwenye kalamu, ameketi ofisini, anaamua kwamba mtoto hahesabiki. Waliendelea hadi mlangoni, na wakamaliza kwa Mkuu wa Posta aliyekuwa nyuma ya dirisha. Bibi Vifungo hakumpenda, alikuwa mtu wa kufokea watu, lakini alisema aandikwe, maana naye asubuhi hiyo aliaga nyumbani kwake. Walikuwa kumi na wawili.

Jumatatu Babu alikwenda halmashauri akaweka kisanduku cha nishani juu ya meza ya karani. Alisema siku ya uzinduzi atasimama na kueleza kwa mdomo wake kila alichofanya, mbele ya wageni wote, jiwe likiwa limeandikwa "tukio" nyuma yake. Au jiwe liseme kweli, naye anyamaze. Karani alipiga hesabu yake ya woga, akaona heri jiwe, kwa kuwa jiwe haliulizwi maswali na waandishi wa habari. Akapiga muhuri.

Tatizo likawa mahali pa kuchonga. Jiwe la zamani lilikuwa limejaa pande zote mbili, na Mama alikataa kusaga hata herufi moja. "Litasimama juu ya vyuma viwili, lisomeke mbele na nyuma," alisema. "Anayetaka kulijua jiwe hili alizunguke." Lakini majina kumi na mawili yangekaa wapi?

Babu alivuta gunia lililokuwa nyuma ya kiti chake.

"Baba, hilo ni lako," alisema Mama.

"Mimi nitatosha chini ya jiwe lolote. Hata bila jiwe."

Walifanya kazi siku tisa. Mama alichonga majina kwa mpangilio wa foleni, na mwishoni mwa kila jina Nukta alikuwa na nukta yake, maana Mama alisema kila mtu alikuwa sentensi iliyokatizwa na inastahili kumaliziwa kwa heshima. Alizichonga kumi na mbili, na ya mtoto wa mgongoni aliichonga sawasawa na nyingine. Juu ya majina waliandika: HAPA, SAA SITA NA ROBO MCHANA, BOMU LILIWAUA WATU HAWA WAKINGOJA BARUA. Mstari wa mwisho Babu alitaka kuuchonga mwenyewe. Ulimchukua siku mbili, na herufi zake zilikwenda upande kama za mtoto wa darasa la kwanza: LILITEGWA NA FUNDI WA MAWE WA MJI HUU. Mama hakunyoosha hata moja.

Siku ya uzinduzi Nukta hakusoma insha. Alimwambia mwalimu ukweli mapema, na mwalimu alimruhusu asome majina tu. Alisoma kumi na mawili, akaketi. Hakuna aliyejua kama apige makofi, kwa hiyo hawakupiga. Bibi Vifungo alisogea hadi kwenye jiwe la majina, akahesabu kwa kidole hadi wa nne, akaacha kiganja chake hapo. Kwa miaka hamsini na mitano alikuwa ameketi karibu na jiwe lisilo na mahali pa kuweka mkono.

Jirani wa dawati wa Nukta alikuwa amelizunguka jiwe la zamani mara mbili, akisoma mbele na nyuma. Akaja kusimama mbele ya Babu.

"Shikamoo, Babu. Sasa wewe ni gaidi au ni shujaa?"

Wakubwa waliokuwa karibu walikunja nyuso. Babu hakukasirika. Aliegemea mkongojo wake ili macho yake yakutane na ya mtoto yule.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeitwa yote mawili, na yote mawili niliyachonga kwa mkono wangu. Hayo majina hutolewa na wenye nguvu, na wenye nguvu hubadilika. Ukisikia mtu anaitwa gaidi, au anaitwa shujaa, usikubali na usikatae upesi. Uliza kwanza alifanya nini. Halafu uliza ni nani waliokuwa kwenye foleni. Asiyetaka kuwataja, ana kitu anakuficha, hata akiwa babu yako."

Mtoto yule alifikiri. "Kaka yangu alikuwa wa pili kwenye foleni ya basi," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Babu akamgeukia Nukta, na Nukta alijua la kufanya bila kuambiwa. Jumatatu asubuhi aliuondoa mkoba juu ya dawati, akauweka chini sakafuni. Kisha akafungua daftari ukurasa mpya, akamwomba jirani yake amtajie jina la kaka yake, na la aliyesimama mbele yake, na la aliyesimama nyuma.